Ukuta Ukilia Maji na Slabu Ikimeguka: Muulize Mkaguzi Kabla ya Kununua Simiti

Kila masika yakianza, kati ya Aprili na Juni, maswali ya wenye nyumba katika Kaunti ya Mombasa hufanana. Ukuta wa chumba cha nyuma umelowa hadi usawa wa magoti. Rangi iliyopakwa Januari imeanza kubambuka. Dari ina duara la rangi ya chai. Chini ya roshani kumeanguka kipande cha zege, na chuma kinaonekana. Mara nyingi anayeuliza huwa ameshatumia pesa: fundi aliitwa, akakwangua, akapiga plasta, akapaka rangi, na mvua za kwanza zilipokuja tatizo likarudi palepale.

Makala haya yanaeleza kile anachoangalia mkaguzi wa majengo anapoingia katika nyumba yenye shida kama hizo, kile ambacho mwenye nyumba anaweza kupima mwenyewe bila kifaa cha ghali, na wakati ambapo jambo si la fundi tena bali ni la mhandisi. Unyevu, ufa na kutu ni alama. Plasta na rangi huifunika alama na kukiacha chanzo kikiendelea na kazi yake. Na ukishaifunika, huwezi tena kujua kama tatizo linakua au limetulia.

Mkaguzi ni nani

Neno hili huwachanganya wengi. Mkaguzi wa majengo wa kaunti ni afisa wa umma. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba kinachojengwa kinafuata ramani iliyoidhinishwa, na kwamba jengo lililopo halihatarishi wanaoishi ndani wala wanaopita njiani. Anaweza kukueleza anachokiona, akakuambia kama kazi unayotaka kufanya inahitaji kibali, na akakuelekeza kwa mtaalamu anayefaa. Hatakuja na mwiko na ndoo, wala si kazi yake kukupatania bei na fundi.

Ukitaka ukaguzi wa kina, kwa mfano kabla ya kununua nyumba ambayo imeishiwa miaka 30, au kabla ya kuongeza orofa, hiyo ni kazi ya kulipwa ya mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Yeye atakupa ripoti yenye jina lake, nambari ya usajili na sahihi. Ripoti isiyo na hayo matatu ni maoni tu, hata kama imechapishwa vizuri.

Wapo wanaoogopa kuuliza. "Nikimwita mtu wa kaunti atanichorea X nyekundu ukutani, niende wapi na watoto?" Hofu hiyo ina msingi. Afisa akikuta jengo linaloweza kuanguka ana wajibu wa kutoa ilani, na ilani yaweza kuwataka watu watoke. Lakini ukuta uliolowa, plasta iliyopasuka au bati linalovuja havifikii huko, na hata zege lililomeguka mara nyingi linaweza kutengenezwa likiwahiwa. Linalofikia huko ni lile lililofichwa miaka mingi. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la orofa kadhaa lililokuwa kando ya mto lilianguka Huruma, Nairobi, na zaidi ya watu 50 wakafa. Anayechelewa kuuliza kwa kuogopa ilani huenda anaiahirisha tu, na siku itakapokuja itakuwa nzito zaidi.

Ukuta uliolowa: maji yanatoka wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi. Maji huingia ukutani kwa njia nne: kutoka ardhini yakipanda juu, kutoka ubavuni mvua inapopigwa na upepo, kutoka juu kwenye paa au slabu, na kutoka ndani kwa bomba linalovuja. Dawa ya njia moja haifai kwa nyingine. Kwa hiyo mkaguzi huanza na mahali palipolowa, tena hutazama umbo la pale palipolowa.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini huwa chini, karibu kote kwenye urefu wa ukuta, na kwa kawaida hauzidi mita moja hivi kutoka sakafuni. Juu yake huonekana mstari wa chumvi nyeupe. Unyevu wa mvua ya ubavuni huonekana kwa mabaka, zaidi kwenye kuta zinazotazama kusini na kusini-mashariki, kwa sababu mvua za masika hapa kwetu huja na kusi. Unyevu wa bomba hauna msimu: uko pale pale kaskazi na kusi, mara nyingi nyuma ya bafu, jikoni au penye kona ambayo bomba limezikwa. Ukiwa na harufu, angalia shimo la maji machafu kabla ya kuangalia ukuta.

Kuna majaribio mawili ambayo kila mtu anaweza kuyafanya nyumbani. La kwanza ni la karatasi ya plastiki. Kata kipande cha mraba kama cha sentimita 40, kikaushe, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha nafasi, kisha kiache siku moja na usiku wake. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya plastiki na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Ukikuta upande wa nje, ni mvuke wa chumbani: chumba hakina hewa ya kutosha, au watu wanaanika nguo na kupika ndani madirisha yakiwa yamefungwa.

Jaribio la pili ni la bomba. Kwa kuwa sehemu nyingi za Mombasa hazina maji ya mfereji kila saa, mita pekee haitakupa jibu la hakika. Tumia tangi. Lijaze jioni, funga koki ya maji yanayoingia, tia alama ya usawa wa maji, waambie wote nyumbani wasifungue mfereji, kisha angalia alfajiri. Maji yakipungua bila mtu kutumia, kuna mahali yanapotea. Angalia choo kwanza: maji yanayotiririka polepole ndani ya bakuli hayasikiki mchana, ila yanaweza kumaliza tangi.

Mfano utasaidia. Tuseme mkaguzi amefika kwa mama mmoja Likoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hebu tazama ukuta wangu ulivyo."

"Umelowa tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi. Fundi ameupiga plasta mara mbili, na kila mara aniambia simiti ya mwanzo ilikuwa kidogo."

"Na hii kabro ya uani iliwekwa lini, mama?"

"Hiyo? Mwaka juzi pia. Kabla ya Ramadhani."

Hapo jibu limeshapatikana, na halimo kwenye plasta. Ukuta uliojengwa vizuri huwa na utando wa kuzuia unyevu, ule ambao mafundi huuita DPC, uliolazwa juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande. Utando huo unatakiwa uwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Uwanja ukipandishwa kwa kifusi, kabro au sakafu mpya, ardhi inaupita utando, na maji huingia ukutani juu yake kana kwamba haupo. Hali hiyo hutokea pia barabara ya mtaa inapoinuliwa au jirani anapojaza kiwanja chake. Tiba ni kushusha udongo kando ya ukuta, au kuchimba mfereji mwembamba unaotoa maji mbali na nyumba. Kazi hiyo ni ya jembe na sururu, na mara nyingi hugharimu kidogo kuliko plasta moja.

Chumvi na mchanga

Pwani tuna tatizo jingine ambalo jamaa zetu wa bara hawalijui sana. Nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya tumbawe, ambayo yana vitundu na hunywa maji kama sifongo. Na wapo waliojengewa kwa mchanga wa bahari, au kwa maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu yalikuwa karibu na rahisi. Chumvi ikishaingia ukutani haitoki kwa kupakwa rangi. Tena ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana utakuta ukuta umelowa siku ambayo haijanyesha, ila hewa ni nzito, kisha ukakauka jua likiwa kali. Mwenye nyumba humtafuta mvujaji wa bomba wiki nzima, kumbe maji yanatoka hewani.

Ukiona unga mweupe ukutani, usiuoshe kwa maji. Maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Uchomoe kwa brashi kavu, uukusanye na kuutupa. Rudia baada ya wiki kadhaa. Kama plasta yenyewe ndiyo iliyojaa chumvi, hakuna njia ya mkato: lazima ing'olewe hadi kwenye jiwe, ukuta uachwe ukauke kipindi cha kaskazi, kisha ipigwe plasta mpya kwa mchanga wa mto uliosafishwa na maji matamu. Rangi ya mafuta au rangi yoyote inayoziba kabisa isipakwe juu ya ukuta wa namna hiyo. Huufunga unyevu ndani, nao hutafuta mahali pengine pa kutokea, kwa kawaida upande wa pili, chumbani.

Nyumba za Mji wa Kale zinastahili neno lao. Zilijengwa kwa tumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na chokaa huruhusu ukuta kupumua: maji yanaingia, na maji yanatoka. Anayeibandua chokaa na kupiga plasta ya simiti kwa nia ya kuimarisha hufanya kinyume. Simiti hufungia unyevu ndani ya tumbawe, ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza, na sakafu ya juu huanza kulegea miaka michache baadaye bila mtu kujua sababu. Boriti inayotoa unga au inayodidimia ukiichoma kwa bisibisi mahali inapoingia ukutani inahitaji kuangaliwa sasa. Kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, mabadiliko ya nje ya nyumba, milango na roshani yazungumzwe kwanza na kaunti pamoja na maafisa wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambao wamepewa jukumu hilo na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006.

Ufa

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta kila mtu anaijua, na mafundi huipenda. Mkaguzi angeiongezea kitu: kabla ya kuuziba, jua kama umekufa au unaishi. Ufa uliokufa ulitokea mara moja, plasta ikikauka au msingi ukitulia baada ya kujengwa, na hauendelei. Ufa unaoishi unapanuka. Ukiziba ufa unaoishi utafunguka tena, na utakuwa umefuta ushahidi.

Chukua penseli. Chora mstari mdogo pale ufa unapoishia, kila upande, na uandike tarehe kando yake. Pima upana wake mahali pale pale kila mwezi. Kadi ya benki ina unene usiofika milimita moja. Ufa usioingia kadi, ulio kwenye plasta tu, kwa kawaida ni wa rangi na subira. Ufa unaoingia kadi uendelee kutazamwa. Ukizidi milimita 5, au ukipita alama yako ya penseli mwezi baada ya mwezi, mwite mhandisi.

Umbo nalo lina habari. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya mawe huonyesha kwamba sehemu moja ya msingi inashuka kuliko nyingine. Ufa unaotoka pembe ya dirisha au mlango kwenda juu kwa mshazari huonyesha mara nyingi kwamba linta ni fupi au haipo. Ufa wa kulala juu ya ukuta, chini kidogo ya slabu, hutokana mara kwa mara na slabu kupanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Milango iliyokuwa ikifunga vizuri na sasa inakwama, huku ufa ukionekana karibu nayo, ni dalili kubwa kuliko ufa peke yake. Mwambie mkaguzi habari za milango hata asipouliza.

Mara nyingi kinachoshusha msingi ni maji pia: gata iliyokatika inayomwaga paa zima mahali pamoja, au shimo la maji machafu linalovuja chini ya kona ya nyumba. Rekebisha hilo kwanza. Nyufa nyingi hutulia zenyewe maji yakishaondolewa, na hapo ndipo fundi ana kazi ya kuziba.

Zege linalomeguka: usikae chini yake

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Zege lenyewe lina nguvu ya kubeba linapokandamizwa, ila si linapovutwa. Vyuma ndani yake ndivyo vinavyobeba ule mvuto. Zege lililochanganywa vizuri huvilinda vyuma hivyo visipate kutu. Lakini chumvi ikivifikia, iwe kutoka mchanga wa bahari uliotumiwa wakati wa kumwaga au kutoka upepo wa bahari miaka nenda miaka rudi, ulinzi huo huvunjika na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au zaidi. Haina pa kwenda, basi hulisukuma zege. Kwanza utaona mstari wa ufa chini ya slabu au kando ya nguzo, ukifuata njia ya chuma, wakati mwingine wenye rangi ya hudhurungi. Kisha zege litavimba. Kisha litaanguka.

Kwa hiyo kipande kinapoanguka, si mwanzo wa tatizo. Ni tatizo lililofanya kazi miaka mingi na sasa limejitokeza.

Ukiona hali hiyo chini ya roshani, chini ya ngazi au kwenye dari ya slabu, hamisha vitanda, viti na michezo ya watoto kutoka hapo leo. Ziba njia ya wapita njia ikiwa roshani inaning'inia juu ya uchochoro. Usiweke kitu kizito juu. Ukiwa umesimama kando, kwa mti mrefu, waweza kugonga polepole sehemu zilizo jirani: zege zima hulia kwa sauti kavu, na lililoachana na chuma hulia kama debe. Ukisikia debe eneo kubwa, acha kugonga na utafute mhandisi.

Matengenezo ya kweli huwa hivi: jengo hutegemezwa kwanza kwa nguzo za muda, zege bovu huondolewa hadi nyuma ya chuma, chuma husafishwa hadi king'ae, hupakwa dawa ya kukilinda, na pengo hujazwa mchanganyiko maalum wa kurekebishia. Chuma kilicholiwa sana huongezewa kingine. Kiasi gani ni sana, hilo si la kukadiriwa kwa macho, na ndiyo sababu ya kumlipa mhandisi. Kupiga plasta juu ya chuma chenye kutu ni jambo baya kuliko kuliacha wazi. Plasta haibebi chochote, inaongeza uzito, na inawaondolea wanaoishi chini yake onyo pekee walilokuwa nalo.

Uzito ndio jambo ambalo wengi hawalihesabu. Slabu ikivuja, fundi humwaga tabaka jipya la simiti juu. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kimeongezewa tani mbili. Likivuja tena, linamwagwa tabaka jingine. Vivyo hivyo matangi: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano mahali pamoja. Nyumba ya zamani iliyojengwa kubeba paa na watu wachache wa kuanika nguo haikukusudiwa hayo. Kabla ya kuweka tangi juu ya slabu, uliza ni wapi nguzo na kuta zinapobeba, na uliweke hapo, au ulijengee mnara wake chini.

Slabu inayovuja, kama zege lake ni zima, mara nyingi inahitaji mteremko na njia ya maji. Panda juu saa moja baada ya mvua. Pale maji yaliposimama ndipo panapovuja. Zibua mifereji, toa majani na mchanga, rekebisha mteremko, kisha ndipo uweke utando wa kuzuia maji. Utando wa bei kubwa uliowekwa chini ya dimbwi hautadumu.

Paa na umeme

Kwenye mabati, angalia kwanza misumari na mahali bati moja linapolalia jingine kabla ya kununua mabati mapya. Upepo wa bahari hula msumari kabla ya kula bati. Ikiwa nyumba yako ni ya zamani na imeezekwa kwa asbesto, zile bati za kijivu, nene, zinazofanana na simiti, usizikate, usizitoboe na usizivunje. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta maradhi ya mapafu miaka mingi baadaye. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa hiyo kuiondoa ni kazi ya walio na leseni ya NEMA. Kuitupa jalalani au kumpa jirani aezekee banda la kuku ni kosa.

Ukuta uliolowa ukiwa na soketi au swichi, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya jambo lolote jingine. Mwenye nyumba anayehisi kitetemeshi anapogusa ukuta au mfereji wa bafu asingoje kesho. Kazi ya waya hufanywa na fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Mwombe leseni aionyeshe. Aliye nayo hakasiriki.

Kazi gani inahitaji kibali?

Kupaka rangi, kubadilisha bati lililotoboka, kuziba bomba au kurudishia plasta ni matunzo ya kawaida. Kuongeza chumba au orofa, kuvunja ukuta unaobeba, kugeuza chumba cha mbele kuwa duka, kufunika slabu kwa paa jipya la kuishi chini yake: hizo ni kazi za kuomba kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ukiwa na shaka kazi yako iko upande gani, uliza kabla kifusi hakijamwagwa mlangoni. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, kwa hiyo ushauri wa "sisi tulikuwa tukifanya hivi siku zote" huenda umepitwa na wakati.

Afisa akija kwako ana haki ya kuulizwa kitambulisho cha kazi, nawe una haki ya kukiona. Ada yoyote ya kaunti hulipwa kwa njia rasmi na hutoa risiti. Hakuna ada inayolipwa mkononi, wala kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Ilani, ikitolewa, huwa ya maandishi, nayo hueleza kasoro na muda uliopewa. Usipokubaliana nayo, jibu kwa maandishi, ukiambatisha ripoti ya mhandisi wako.

Kwa mpangaji, maneno ni machache: mwandikie mwenye nyumba, weka nakala na picha zenye tarehe. Kama ni zege linaloanguka, huhitaji ruhusa yake ili kuripoti kwa kaunti.

Unapokwenda kuuliza

Mkaguzi hujibu vizuri anapoulizwa vizuri. "Nyumba yangu inavuja" humwacha gizani. Nenda afisi ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, ukiwa na picha mbili za kila tatizo, moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta mzima. Kwenye ile ya karibu weka rula au kadi kando ya ufa. Andika nyumba ilijengwa mwaka gani na kwa nini, mawe ya tumbawe, bloku au udongo. Andika tatizo lilianza lini, na nini kilibadilika karibu na wakati huo: tangi jipya, kabro, jirani kuchimba msingi, bomba kuhamishwa. Kama una ramani iliyoidhinishwa, ibebe. Kama huna, chora mwenyewe kwa mkono ukionyesha vyumba, bafu, shimo la choo na kona inayotazama bahari.

Ukishajua chanzo, mtafute fundi, na umwandikie kazi: nini kitang'olewa, mchanga utatoka wapi, maji ya kuchanganyia ni yapi, na malipo yatatolewa kwa hatua zipi. Mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo pia huidhinisha mafundi wenye ujuzi. Bakisha sehemu ya malipo hadi mvua moja kubwa inyeshe na ukuta ubaki mkavu. Fundi mwenye kuiamini kazi yake huwa tayari kuingoja mvua hiyo pamoja nawe.

Zile alama za penseli za kando ya nyufa zichorwe kabla masika hayajaingia, na zisifutwe hata ukuta ukipakwa rangi upya. Mpake rangi azizunguke.